Chakula cha Wafungwa

Mfyuu! Ati dona ni chakula cha wafungwa. Hebu rudia, mwanangu, na wale wanaocheza bao nao wasikie. Umekaa kwenye benchi la watu wazima, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mdomoni, unatutangazia kwamba nyumbani kwako hauingii unga ambao haujakobolewa ukawa mweupe kama sanda. Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa. Jambo hili linanichoma siku nyingi, na leo umelitonesha mwenyewe.

Muuza kahawa, nijazie. Nina maneno.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Mahindi. Muhindi. Wareno ndio walioleta mbegu hii pwani yetu katika karne ya 16, lakini mababu zetu wakaiita ya Kihindi, kama vitu vingine vingi vilivyoshuka majahazini. Si wao peke yao waliopotea. Mtaliano anaiita granturco, nafaka ya Mturuki. Mturuki ukimuuliza atakujibu mısır, jina lilelile analoiitia nchi ya Misri. Nenda Misri, watakwambia dura shami, mtama wa Sham. Kila mmoja anamsukumia jirani yake, na mwenye mali hatajwi. Mwenye mali ni mkulima wa Meksiko. Yeye ndiye aliyechukua nyasi ya porini iitwayo teosinte, yenye suke dogo kama kidole na punje chache zilizofungwa ndani ya ganda gumu kama kokoto, akaichagua msimu kwa msimu, miaka kama 9,000 iliyopita, mpaka ikawa huu muhindi unaouchoma barabarani na kuupaka ndimu na pilipili.

Hilo la jina nalisamehe. Lisilosameheka ni hili: walimpokonya mbegu, wakamwacha mpishi.

Sikiliza alivyopika mwenyewe. Mama wa Kimeksiko jioni anachukua mahindi makavu, anayatia chunguni na maji, kisha anaongeza kitu ambacho ukimwona utadhani amerukwa na akili. Anaongeza chokaa. Naam, chokaa, ileile ambayo bibi yetu pale barazani anaipaka kwenye jani la tambuu. Anayachemsha kidogo, anaepua, anayaacha yalale humo usiku kucha. Alfajiri maganda yanateleza yenyewe ukiyasugua kwa viganja. Anayaosha, anayaweka juu ya metate, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu, na kinachotoka hapo ni donge laini linaloshikana, ndilo wanaloliita masa. Wewe chukua unga wako wa sembe, uukande na maji baridi, ujaribu kuutandaza kama chapati. Utakatikakatika mkononi. Masa haikatiki. Inatandazwa ikawa nyembamba, inachomwa juu ya kikaango bapa cha udongo kiitwacho comal, na hiyo ndiyo tortilla. Au inafungwa ndani ya ganda la muhindi ikapikwa kwa mvuke, nayo ni tamale. Mahindi yaliyolala kwenye chokaa yana jina lao, nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na ndani ya neno hilo mna neno la majivu, maana majivu ya kuni nayo hufanya kazi ileile.

Wamefanya hivyo zaidi ya miaka 3,000. Wamaya wa kabila la K'iche' kule Guatemala wanasimulia katika Popol Vuh, kitabu chao cha asili ya ulimwengu, kwamba binadamu aliumbwa kwa unga wa mahindi ya manjano na meupe. Watu wanaoamini kwamba miili yao ni mahindi hawachezi na namna ya kuyapika.

Sasa, kwa nini chokaa? Hapo ndipo pana siri, na nataka muielewe, siyo muimeze tu. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini. Lakini sehemu kubwa ya niasini hiyo imefungwa ndani ya punje kama pesa iliyofungiwa kasha, na tumbo la binadamu halina ufunguo wake. Mtu anakula, anashiba, na kasha linapita kama lilivyoingia. Chokaa ndiyo ufunguo. Maji ya chokaa yakichemka na mahindi yanaifungua ile niasini, na juu yake yanaongeza madini ya kalisi yanayojenga mifupa. Mama yule hakuwa na maabara. Neno vitamini lenyewe lilizaliwa mwaka 1912. Alichokuwa nacho ni mama yake, na mama wa mama yake, na macho ya kuona nani anastawi na nani anadhoofu.

Columbus akavuka bahari mwaka 1492, na mbegu zikafika Hispania. Zikaota vizuri, zikazaa kuliko ngano, zikasambaa. Wazungu walikuwa na vinu vya maji na vya upepo. Punje kavu ilisagika bila kulazwa popote. Wakaona yale mambo ya chokaa ni shughuli ya watu wasio na vinu. Nani atamuuliza mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe?

Mwaka 1735 huko Asturias, kaskazini mwa Hispania, daktari Gaspar Casal akaanza kukutana na wakulima maskini wenye maradhi asiyoyajua. Ngozi ya mikono na miguu, popote jua linapofika, inaiva, inapasuka, inafanya magamba. Shingoni inaungua kwa kuzunguka kama mkufu, na mpaka leo madaktari wanauita mkufu wa Casal. Kisha tumbo linaharisha lisikome. Kisha akili inaondoka. Kisha kaburi. Mwaka 1771 Mtaliano Francesco Frapolli akauandika ugonjwa huo kwa jina la pellagra, yaani ngozi chachu. Kule Veneto na Lombardia, kaskazini mwa Italia, mkulima alikula polenta asubuhi, polenta mchana, polenta usiku. Unajua polenta ni nini, shehe? Ni ugali. Unakorogwa kwa mwiko mrefu kwenye sufuria ya shaba mpaka uive. Ngano ilikuwa ya mwenye shamba, divai ya mwenye shamba, nyama ya mwenye shamba. Mkulima alibakiwa na ugali mtupu. Hospitali za wagonjwa wa akili zikapokea watu ambao dhambi yao ni kula chakula kimoja. Wasomi wakabishana zaidi ya miaka mia. Mmoja mwenye sifa kubwa, Cesare Lombroso, akasema sababu ni mahindi yaliyooza. Ng'ambo ya bahari, mama wa Meksiko alikuwa analaza mahindi yake kila jioni, na mkufu ule wa Casal haukuwa ugonjwa wa kijijini kwake.

Haya. Ulisema chakula cha wafungwa. Sasa nikwambie chakula cha wafungwa.

Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, watu walilima pamba mpaka mlangoni. Mkulima asiye na ardhi hakuruhusiwa nafasi ya bustani; alikopa chakula kwenye duka la mwenye shamba, na kilichokuwepo ni mafuta ya nguruwe, sharubati ya miwa na unga wa mahindi. Na unga wenyewe ndiyo kwanza umepata mashine mpya za kuondoa kiini, ukasafiri mbali bila kuchacha, ukapendeza macho. Pelagra ikashuka kama nzige. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1906 na 1940 watu milioni 3 waliugua, na 100,000 hivi wakafa. Weusi na weupe, lakini hasa maskini, na hasa wanawake.

Mwaka 1914 serikali ikamtuma daktari Joseph Goldberger, mhamiaji aliyezaliwa Ulaya Mashariki na kukulia New York. Wenzake waliapa kwamba ugonjwa unaambukiza. Yeye akaingia kwenye vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, akatazama, akaona jambo moja ambalo hata muuza kahawa wetu angeliona: wagonjwa wanaugua, wahudumu wanaolala jengo moja nao hawaugui. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua cheo? Akatazama sahani. Akawapa yatima maziwa, mayai, nyama na maharage, pelagra ikaondoka.

Hawakumwamini. Ndipo mwaka 1915 akaenda kwenye gereza la shamba la Rankin, jimbo la Mississippi. Gavana aliahidi msamaha kwa wafungwa watakaojitolea. Walikuwa wanaume wenye afya, na 11 kati yao walifika mwisho. Walikula nini? Mahindi yaliyokobolewa, unga wa ngano mweupe, mchele mweupe, sukari. Hakuna maziwa, hakuna maharage, hakuna nyama. Baada ya miezi kama sita, 6 kati ya wale 11 walikuwa na pelagra miilini. Hicho ndicho chakula cha wafungwa, mwanangu. Kilikuwa cheupe.

Na bado wakabisha! Watu wa Kusini waliona aibu kuambiwa kwamba ugonjwa wao ni umaskini wao. Basi mwaka 1916 Goldberger akafanya kitu ambacho kila nikikikumbuka nasisimka. Yeye na mke wake Mary na wenzake wachache wakadungwa damu ya wagonjwa wa pelagra. Wanaume wakameza magamba ya vidonda na hata kinyesi cha wagonjwa, kimefinyangwa na unga kikawa vidonge. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra. Mama yule, mwenye watoto nyumbani, alinyoosha mkono ili watu wakubali kwamba tatizo liko sahanini. Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kitu chenyewe kilichokosekana, ingawa alikuwa ameshagundua kwamba hamira ya pombe inaponya. Kitu kikapatikana mwaka 1937, Conrad Elvehjem alipoponya mbwa kwa niasini. Kutoka kwa Casal mpaka hapo ni miaka 202. Miaka 202 ya kutafuta jibu ambalo lilikuwa limelala kwenye chungu cha mtu mwingine usiku wote huo.

Fundi, nakuona unatikisa kichwa. Sema.

Fundi viatu anauliza, mbona sisi tunakula ugali toka utotoni na shingo zetu hazina mkufu? Swali zuri, na jibu lake linawatukuza mama zetu. Sisi ugali hatukuula mtupu. Ugali ulikuwa na maharage, na kunde, na dagaa, na mchicha wa karanga, na mtindi. Makande nayo ni mahindi na maharage kwenye chungu kimoja. Mkikuyu anayaita githeri, na kule Afrika Kusini Waxhosa wana umngqusho, kitu kilekile kwa jina lingine. Hata shambani, mama alipanda mahindi, akapanda maharage katikati, akaachia maboga yatambae chini. Meksiko wana shamba la namna hiyo, wanaliita milpa. Kwa upande wa mboga zetu mama alifika mahali palepale alipofika mwenzake wa ng'ambo, na hakuna aliyeandika.

Lakini mboga ikiondoka, mkufu unakuja. Usidhani haya ni ya Wazungu wa zamani. Mwaka 1990, Malawi ilikuwa imehifadhi wakimbizi waliokimbia vita vya Msumbiji. Mgao wao ulikuwa mahindi na karanga. Karanga zikakatika. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo wagonjwa zaidi ya 18,000 wa pelagra waliandikwa makambini. Watu walipewa chakula, walishiba, wakaugua kwa kukosa kiganja cha karanga! Mfyuu. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mwaka huo elimu ilikuwa imeshaandikwa vitabuni miaka hamsini.

Sasa turudi kwenye unga wako. Unapeleka mahindi mashineni, wanayakoboa. Ganda linaondoka, kiini kinaondoka, na kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Vinakwenda wapi? Vinaitwa pumba. Pumba wanakula kuku na ng'ombe na nguruwe, na wananawiri. Wewe unarudi nyumbani na wanga, halafu serikali inalazimika kuagiza viwanda viurudishie unga huo vitamini na madini. Kenya iliweka sharti hilo mwaka 2012, Tanzania mwaka mmoja kabla. Ni jambo jema, silipingi hata kidogo, linaokoa watu. Ila linahusu hasa unga wa viwandani. Mashine ya mtaani kwetu inakoboa kutwa nzima, na kirutubishi hakijawahi kupita mlangoni pake.

Na siwezi kusema dona haina neno, nitakuwa nawadanganya. Dona inachacha upesi kwa sababu ya yale mafuta. Isagishe kidogokidogo, usiiweke miezi. Tena kuna sumukuvu. Kuvu wanapoyaingia mahindi yaliyovunwa mabichi na kuwekwa penye unyevu, sumu yao hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na anayekoboa anapunguza sehemu ya sumu hiyo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Kwa hiyo kausha mahindi yako, chagua mabovu uyatupe, usiwape hata kuku. Mtu mwenye hofu ya sumukuvu akaniambia anakoboa, namheshimu. Anayekoboa kwa sababu weupe ni ustaarabu, huyo ndiye aliyenifanya nisonye. Na dona nayo peke yake si kinga ya pelagra, maana ile niasini iliyosalia bado iko kwenye kasha. Bila maharage au dagaa pembeni, umeshiba tu.

Kasumba hii ya kuona weupe ndio ustaarabu imetupotezea mengi. Magharibi mwa Kenya, Waluhya wanachoma maganda makavu ya maharage, wanachuja majivu yake kwa maji, na maji hayo wanapikia mrenda na kunde. Wanayaita musherekha. Kuna watoto wao mjini wanaona haya kuyataja, wanasema ni mambo ya kijijini. Wahopi wa Arizona, Wenyeji wa asili wa Marekani, wanatia majivu ya kichaka kwenye unga wa mahindi ya buluu na kuoka mkate mwembamba kama karatasi, uitwao piki, na wanaonea fahari. Waghana huchachusha unga wa mahindi siku mbili tatu, wakaufunga kwenye maganda, wakapika kenkey, na mtu mwenye gari kubwa anasimama barabarani kuinunua. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza mapishi ya asili ya Meksiko kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na humo mlitajwa nixtamal. Mapishi ya yule yule mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe, ambaye hakuna aliyetaka kumuuliza. Mwaka 2007, bei ya tortilla ilipopanda, maelfu ya watu walijaa mitaa ya Mexico City kuandamana. Wanajua kilicho chao. Sisi dona ikipanda bei tutaandamana? Nusu yenu hapa hamjui inauzwaje.

Umecheka, mwanangu. Afadhali. Sijakugombeza kwa chuki. Baba yako tulikula naye makande shuleni, sahani moja ya bati, tukigombea ukoko. Nisingependa mwanawe aone haya kwa kile kilichomlea.

Eeh, bibi anaita. Shikamoo, bibi. Tumekupigia kelele mchana wote, utuwie radhi.

Anasema amesikia yote, na yeye hana habari na Wazungu hao. Amefungua kijaluba chake. Jani, popoo, katu, na kile kikopo kidogo cha chokaa. Anauliza: kwa mahindi kilo moja, chokaa kiasi gani?

Ya tambuu safi, bibi, siyo ya kupaka ukuta. Kijiko kimoja cha chakula, kisijae. Maji ya kuyafunika vizuri. Yachemke mpaka ganda lianze kuteleza kidoleni, uepue, uyaache mpaka asubuhi, kisha uyaoshe maji matatu.

Anasema jiwe la mamaye bado lipo uani, limefunikwa na magunia. Kijana huyu ndiye mwenye nguvu, aje alfajiri kusaga.

Umesikia, mwanangu. Alfajiri. Na muuza kahawa, weka birika dogo pembeni, hatutakuwa watu wawili.